Askari Wawili Wasiofanana

Msomaji, watu wengi hudhani kuwa historia hukaa katika vita, mikataba na habari za wafalme peke yake. Dhana hiyo ina upungufu. Historia hukaa vile vile katika michezo ambayo watu huiendea kwa kutaka kucheka. Ukijua watu wa nchi fulani walicheka nini, utajua waliona nini kuwa ajabu na nini kuwa kawaida. Na jambo lililokuwa ajabu kwa bibi huenda likawa kazi ya kila siku kwa mjukuu wake. Katika insha hii nataka tutazame sinema moja ya kuchekesha iliyotoka Marekani mwaka 2013, kisha turudi nyuma zaidi ya miaka mia, tuulize kwa nini ilichelewa kuja.

Sinema yenyewe inaitwa The Heat. Maana ya jina hilo ni joto, lakini katika lugha ya mitaani ya Marekani neno hilo hutumika pia kwa polisi. Iliongozwa na Paul Feig, ikaandikwa na mwanamke aitwaye Katie Dippold, na waliocheza sehemu kubwa ni Sandra Bullock na Melissa McCarthy. Wa kwanza ni Sarah Ashburn, ofisa wa idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kuwa FBI. Wa pili ni Shannon Mullins, mpelelezi wa polisi wa mji wa Boston. Ashburn ni nadhifu, msomi, mwenye kufuata kanuni neno kwa neno, tena mwenye kiburi cha mtu ajuaye kuwa anajua. Mullins hajali mavazi, ulimi wake ni mkali, na anakijua kila kichochoro cha mtaa wake. Mkutano wao wa kwanza ni ugomvi juu ya mtuhumiwa mmoja, kila mmoja akidai kuwa ni wake. Baadaye wanalazimika kufanya kazi pamoja kumsaka mlanguzi mkuu wa dawa za kulevya ambaye sura yake haijulikani.

Hadithi ya askari wawili wasiopatana haikuwa ngeni duniani. Mwaka 1949 Akira Kurosawa wa Japani alitengeneza sinema ya mpelelezi kijana aliyeibiwa bastola yake katika joto kali la Tokyo, akaitafuta akiongozwa na mpelelezi mkubwa mwenye subira. Mwaka 1967 ikatoka In the Heat of the Night, ambayo ndani yake Sidney Poitier ni mpelelezi Mwafrika-Mmarekani kutoka Philadelphia, na Rod Steiger ni mkuu wa polisi mzungu wa mji mdogo wa Mississippi, jimbo ambalo ubaguzi wa rangi ulikuwa na mizizi mirefu. Kisha zikaja za mzaha zaidi: 48 Hrs. mwaka 1982, ambayo mmoja wa wawili hao ni askari na mwenziwe ni mfungwa, na Lethal Weapon mwaka 1987. Mpango wake ni mmoja. Watu wawili wenye tabia mbalimbali hufungwa katika kazi moja. Hugombana, kwani vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Halafu hatari huwafundisha kuwa alichokosa huyu amekipata yule.

Lakini tazama jambo moja. Katika sinema zote nilizozitaja, jozi ni ya wanaume. Mtu aweza kujibu upesi kwamba hakukuwa na askari wa kike wa kuigizwa. Jibu hilo hatuwezi kulipokea mpaka tuulize historia.

Mnamo mwezi wa Septemba, 1910, mwanamke aitwaye Alice Stebbins Wells aliapishwa kuwa askari polisi katika mji wa Los Angeles. Hakupewa kazi hiyo kwa bahati. Alikuwa mtu wa elimu, aliyewahi kuhubiri kanisani na kuhudumia maskini, na yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka ombi kwa wakuu wa mji likiwa na sahihi za raia wenye heshima. Siku zile askari wa Los Angeles walipanda tramu bila ya kulipa nauli. Wells alipoonyesha beji yake, kondakta alimshutumu kwamba anatumia beji ya mumewe. Kondakta yule hakuwa na chuki; macho yake tu hayakuwa yamezoea kuona beji mkononi mwa mwanamke. Idara ikamfanyia Wells beji nyingine, iliyoandikwa wazi kuwa ni ya askari wa kike, nambari ya kwanza.

Na kazi yake ilikuwa nini? Alitumwa kuangalia mahali pa burudani palipokwenda wanawake na watoto: kumbi za dansi, viwanja vya kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na nyumba za sinema. Zingatia jambo hili, msomaji. Askari wa kike alikuwa akilinda mlango wa sinema tangu mwaka 1910, lakini ndani, juu ya kitambaa cheupe, ilichukua miaka mingi kabla ya kuonekana askari kama yeye akiwa na mwenzake.

Uingereza nayo haikukaa nyuma. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, wanawake wawili, Margaret Damer Dawson na Nina Boyle, waliungana kuanzisha kikosi cha askari wa kike wa kujitolea. Ikiwa watafuta jozi isiyolingana, hii hapa. Damer Dawson alikuwa mwanamke wa ukoo tajiri, aliyejulikana kwa kupinga biashara ya kuuza wasichana. Boyle alikuwa mpigania haki ya kura kwa wanawake, mtu aliyekwisha kukamatwa na polisi zaidi ya mara moja. Mmoja alitaka askari wa kike wasaidie utawala kutunza maadili. Wa pili alitaka wanawake walindwe, hata na utawala wenyewe. Kwa muda mfupi waliweza kutembea njia moja.

Njia ikagawanyika katika mji wa Grantham. Hapo palikuwa na kambi kubwa ya jeshi, na wakuu wakatoa amri ya kuwazuia wanawake kutoka nje usiku. Askari wa kike wakatakiwa kusaidia amri hiyo itimizwe. Boyle aliona kuwa ni aibu kwa wanawake kuvaa sare ili wawafungie wanawake wenzao majumbani, ilhali askari wa kiume walitembea watakavyo. Damer Dawson aliona kuwa nafasi ile ikipotea haitarudi. Mapema mwaka 1915 wakaachana, na wengi wa kikosi wakamfuata Damer Dawson. Mwaka huo huo, katika mji ule ule, Edith Smith akawa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kupewa uwezo kamili wa kumkamata mtu kwa sheria. Sitakuamulia nani alikuwa na haki. Nataka ujue tu kwamba wanawake walipoingia katika polisi hawakuingia na wazo moja, kama vile wanaume hawakuingia na wazo moja.

Sasa na turudi Marekani, katika idara ile ya Ashburn. Mwaka 1922 Alaska Davidson alichukuliwa kuwa ofisa wa upelelezi, na mwaka 1923 akafuata Jessie Duckstein. Mwaka 1924 J. Edgar Hoover akashika uongozi wa idara, na wanawake hao wawili wakaombwa wajiuzulu. Lenore Houston, aliyeingia mwaka huo, akatoka mwaka 1928. Baada yake mlango ulifungwa. Kwa miaka arobaini na minne hakuna mwanamke aliyepewa cheo hicho. Hoover alikaa katika kiti chake mpaka alipofariki mwezi wa Mei, 1972.

Wakati mlango huo ungali umefungwa, mlango mwingine ulifunguliwa katika mji wa Indianapolis. Mwezi wa Septemba, 1968, Betty Blankenship na Elizabeth Coffal walipewa gari la doria, nambari 47, wakaenda nalo barabarani wakiitikia wito wa raia kama askari wengine. Kabla ya hapo askari wa kike wa Marekani aghalabu walishughulikia watoto, wanawake waliofungwa, na kazi za ofisini. Wanawake wawili katika gari moja la polisi: jambo hilo lilikuwa halisi kabla ya sinema nyingi nilizozitaja hapo juu kutengenezwa. Basi jibu lile la upesi limeanguka. Askari wa kuigizwa walikuwapo.

Baada ya kifo cha Hoover, aliyeshika nafasi yake kwa muda, L. Patrick Gray, aliwafungulia wanawake mlango wa FBI. Mwezi wa Julai, 1972, wanawake wawili wakaanza mafunzo kule Quantico, Virginia. Mmoja ni Joanne Pierce, aliyekuwa mtawa wa kanisa Katoliki kwa miaka mingi. Wa pili ni Susan Roley, aliyekuwa askari katika kikosi cha Marine. Mtunzi wa michezo ya kuchekesha angebuni jozi hiyo, watu wangemwambia amezidisha chumvi. Mmoja alitoka penye sala na ukimya, mwingine alitoka penye kwata na bunduki. Na wote wawili wakajifunza kulenga shabaha, kukimbia, na kumkamata mhalifu. Wote wawili wakafuzu. Pierce alitumika katika idara kwa miaka ishirini na miwili.

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wako zaidi, maana hapa ndipo kiini cha habari. Mtu wa kwanza kuingia mahali hubeba mzigo usio wake. Askari wa kiume akikosa shabaha, watu husema, "Fulani hajui kulenga." Askari wa kike akiwa peke yake katika kikosi akikosa shabaha, watu husema, "Wanawake hawajui kulenga." Yeye si mtu tena, amegeuzwa kipimo. Kosa lake linahesabiwa katika deni la wenziwe wote, hata wale ambao hawajazaliwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kucheza wala kukosea, na akichekwa huwa ameshindwa.

Lakini wakiwa wawili, tena wasiofanana, kipimo huvunjika. Ukimtazama mtawa wa zamani na askari wa Marine wakisimama katika mstari mmoja, utasema mwanamke yukoje? Mpole au mkali? Mtulivu au mwenye haraka? Huwezi kusema. Utalazimika kuuliza huyu yukoje na yule yukoje, na hilo ndilo swali la haki.

Waandishi wawili wa Marekani waliliona pengo hili mapema. Mwaka 1974 mtaalamu wa sinema, Molly Haskell, alitoa kitabu juu ya namna wanawake wanavyoonyeshwa katika sinema. Barbara Avedon na Barbara Corday waliguswa na kitabu hicho, wakatambua kuwa sinema za urafiki wa wanaume zilikuwa nyingi, lakini za urafiki wa wanawake wa namna ile hazikuonekana. Wakaandika mchezo wa askari wawili wa kike wa New York, nao ulikuwa wa kuchekesha. Makampuni ya sinema yakaukataa. Miaka ikapita, mchezo ukabadilishwa kuwa wa mambo mazito, na mwezi wa Oktoba, 1981, ukaonyeshwa katika televisheni kwa jina la Cagney & Lacey. Mwaka 1982 ukawa mfululizo wa vipindi.

Cagney hakuwa na mume; Lacey alikuwa na mume na watoto. Hata hapo mambo hayakuwa laini. Baada ya vipindi vichache vya mwanzo, Meg Foster, aliyecheza sehemu ya Cagney, aliondolewa, kwa kuwa wakuu wa televisheni waliona wanawake wale ni wakali mno. Nafasi yake ikachukuliwa na Sharon Gless. Mwaka 1983 vipindi vikasimamishwa; watazamaji wakaandika barua nyingi za kulalamika, na mwaka 1984 vikarudishwa. Viliendelea hadi 1988. Kwa miaka sita mfululizo, tangu 1983 hata 1988, tuzo kubwa ya Emmy ya mchezaji mkuu wa kike katika michezo mizito ilikwenda kwa mmoja wa wawili hao: mara nne kwa Tyne Daly, aliyecheza sehemu ya Lacey, na mara mbili kwa Gless.

Angalia, msomaji, kile kilichokubaliwa na kile kilichosubirishwa. Watu walikubali kwanza kuwaona askari wawili wa kike wakiwa na huzuni na uchovu wa kazi. Kuwaona wakiwa wachekeshaji, tena katika sinema kubwa ya gharama, kulisubiri. Mwaka 1988 kulikuwa na sinema ya kuchekesha, Feds, juu ya wasichana wawili katika mafunzo ya FBI, lakini haikufungua njia pana. Sababu yake tumekwisha kuigusa. Mtu ambaye bado anapimwa haruhusiwi kuwa mjinga hata kwa dakika moja. Na mchezo wa kuchekesha hauwezi kuwapo bila ya mtu kuwa mjinga kwa dakika nyingi.

Ndiyo maana The Heat ilikuwa na jambo jipya. Ashburn ni hodari wa kazi, lakini hapendwi ofisini, na yeye hajui ni kwa nini. Mullins anaweka silaha ndani ya jokofu. Ashburn anajaribu kumwokoa mtu aliyepaliwa na chakula hotelini kwa kumpasua koo, akijiona daktari, na watu wote wanatahayari. Wawili hao wanalewa, wanacheza dansi vibaya, wanatukanana, wanakosea; na baada ya hayo yote bado ni wapelelezi wazuri. Hakuna mtu katika sinema hiyo anayesema kwamba kwa kuwa Ashburn amekosea, wanawake wote watoke katika FBI. Deni la mmoja limebaki la mmoja.

Tena chini ya mzaha kuna huzuni ya kweli. Mullins alimtia gerezani ndugu yake mwenyewe ili amwokoe na dawa za kulevya, na jamaa zake hawajamsamehe. Ashburn alikua bila ya wazazi wake, akilelewa katika nyumba za watu, na hana wa kumwita ndugu. Mmoja ana jamaa wasiomtaka, wa pili hana jamaa kabisa. Mwishoni Mullins anaandika katika kitabu cha kumbukumbu ya shule cha Ashburn maneno machache ya kumwambia kwamba sasa amepata dada. Hapo mtazamaji aliyekuwa akicheka hunyamaza kidogo. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sinema hii imelieleza neno hilo bila ya kulitaja.

Sinema ilitengenezwa kwa dola milioni 43, ikaingiza karibu dola milioni 230 duniani kote. Tarakimu hizi zinajibu hoja ya wale waliodai kwa miaka mingi kwamba watu hawatalipa kiingilio kuwatazama wanawake wawili wakifanya kazi ya hatari na ya mzaha.

Walakini sifa isizibe macho ya mwanafunzi wa historia. Sinema hii ina makosa, na yafaa yasemwe. Ilifanywa kwa ajili ya watu wazima, na matusi yamejaa ndani yake kama mchanga pwani. Tena Mullins huwatisha na kuwaumiza watuhumiwa, na mtazamaji hutakiwa acheke. Katika maisha ya kweli mtuhumiwa ana haki zake mbele ya sheria, na askari anayezivunja hana cha kuchekesha. Kosa la tatu ni zito zaidi kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki. Katika sinema hiyo kuna ofisa mwenye ualbino, naye anadhihakiwa kwa rangi ya ngozi yake na kushukiwa ubaya kwa sababu ya sura yake. Watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa katika sehemu zetu za dunia kwa sababu ya uongo uliosemwa juu ya miili yao. Sisi hatuwezi kucheka hapo. Na ona ajabu: sinema iliyowakomboa wanawake wawili na kipimo cha jumla imempima mtu mwingine kwa kipimo kile kile. Aliyetoka gizani hakukumbuka kumshika mkono aliyebaki nyuma.

Kosa hilo halifuti somo, linalikaza. Kupimwa kwa mfano wa jumla ni dhuluma, awe anayepimwa ni mwanamke mwenye beji, mtu mwenye ngozi isiyo kama ya wengi, au mgeni wa kabila jingine aliyekuja kusoma katika darasa lenu. Wells alipoonyesha beji yake katika tramu alikuwa anadai jambo dogo tu: atazamwe yeye kabla ya kutazamwa kundi lake.

Basi, msomaji kijana, utakapotazama mchezo wa kuchekesha, cheka. Kucheka ni halali. Lakini kicheko kikiisha, jiulize maswali matatu. Nani ameruhusiwa kuchekesha na bado akaheshimiwa? Nani amechekwa bila ya kuruhusiwa kujibu? Na nani hakuonekana kabisa, ingawa katika maisha ya kweli yupo kazini tangu zamani? Katika darasa lako pia yupo mmoja ambaye ni wa kwanza au wa pekee wa namna yake. Siku atakapokosea, na atakosea kama wengine, mhesabie kosa lake peke yake.